Sura ya Tano: Bwana Mmoja, Bendera Nyingi

Tarehe 12 Julai 2013, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu katika shauri lililotoka Mbeya. Warufani walikuwa wanafunzi 127. Watano kati yao walikuwa wamefukuzwa shule, na 122 walikuwa wamesimamishwa masomo. Hawakuwa wamechoma bweni, hawakumpiga mwalimu, hawakugoma. Asubuhi mstarini, wenzao walipoimba Wimbo wa Taifa, wao hawakuimba. Walikuwa Mashahidi wa Yehova, na waliamini kwamba kuuimba ni kuipa dola sehemu ya ibada ambayo ni ya Mungu peke yake.

Mahakama Kuu ilikuwa imewakatalia. Majaji wa Rufani wakaitengua hukumu hiyo kwa kauli moja, wakaona kwamba adhabu walizopewa zilivunja uhuru wa dini unaolindwa na Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 19. Vijana wale walikuwa na haki ya imani yao kama wengine wote walivyo na haki ya imani zao, hata kama imani hiyo inawashangaza walio wengi.

Sijawahi kusikia hukumu hiyo ikihubiriwa katika makanisa yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Nafahamu kwa nini. Wamoravian wa Rungwe, Walutheri wa Konde na Iringa, Wakatoliki wa Tosamaganga, wote wana hoja zao na Mashahidi wa Yehova juu ya mambo mazito kuliko wimbo: juu ya Utatu, juu ya Yesu ni nani. Hoja hizo ni zangu pia na siziachi. Lakini katika jambo hili moja vijana wale walishika ungamo ambalo sisi tunalikiri kila Jumapili, kwamba Yesu ni Bwana, na kulishika kwao kuliwagharimu masomo. Ndiyo maana nimewapa nafasi ya kwanza katika sura hii.

Tuanze na wimbo wenyewe, maana hapo ndipo Mkristo wa kawaida anapokwama. Wimbo wetu wa Taifa ni sala. Sauti yake ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya katika shule ya Wamethodisti huko Afrika Kusini. Ulianza kama wimbo wa kanisa, ukawa wimbo wa wapigania uhuru, na Tanganyika ilipojitawala mwaka 1961 tukauchukua kwa maneno ya Kiswahili. Zambia wakaichukua sauti hiyo hiyo kwa maneno yao. Kwa hiyo mzee wa kanisa wa Tukuyu ana haki ya kuuliza: hawa watoto wanaokataa kumwomba Mungu aibariki nchi yao wanamkataa nani hasa?

Nimelifikiri swali hilo kwa muda mrefu, na jibu langu ni hili. Sala hupimwa kwa maneno yake, na hupimwa vilevile kwa yule aliyeiagiza na kwa kinachompata asiyeitamka. Mtu anayefukuzwa shule kwa kutoomba amefundishwa, awe ameelewa au hajaelewa, kwamba anayepaswa kuridhishwa na ile sala ni mwenye fimbo. Mungu hajamfukuza mtoto yeyote shule kwa kukaa kimya. Pale amri na adhabu zinapoingia, maneno yanabaki ya kumwelekea Mungu lakini utii umeshaelekezwa kwingine.

Tazama tena Danieli sura ya tatu, habari ambayo watoto wetu wa shule ya Jumapili wanaijua kwa moyo. Nebukadreza hakuwaamuru Shadraka, Meshaki na Abednego waache dini yao. Aliweka muziki. Watakaposikia sauti ya baragumu, filimbi, kinubi na ala nyingine zote, waanguke wasujudu pamoja na watu wa mataifa yote. Ilikuwa sherehe ya taifa, yenye bendi, yenye maofisa waliopangwa kwa vyeo. Na wale vijana watatu hawakuwa waasi. Walikuwa watumishi wa serikali ya wilaya ya Babeli, wenye kazi, wenye madaraka, waliopelekewa mashtaka na watumishi wenzao. Walilipenda jiji walilolitumikia. Walikataa kitu kimoja tu, na walipoulizwa wakajibu kwa adabu, bila kumtukana mfalme.

Wale wa Mbeya nao hawakuidharau nchi. Mashahidi wa Yehova hulipa kodi, na vitabu vyao vinawafundisha kuheshimu mamlaka. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya India iliamua shauri linalofanana sana na hili. Watoto watatu wa familia moja, jimboni Kerala, walikuwa wakisimama kwa heshima wimbo wa taifa ulipoimbwa, ila hawakuimba. Shule ikawafukuza, mahakama ikawarudisha. Marekani walifika hapo kwa njia ndefu zaidi. Mwaka 1940, wakati hofu ya vita imetanda, majaji wanane dhidi ya mmoja waliruhusu watoto wa Mashahidi wafukuzwe kwa kutosalimu bendera. Kilichofuata ni aibu: Mashahidi walipigwa na makundi ya watu katika miji mingi, majumba yao ya mikutano yakachomwa. Tarehe 14 Juni 1943, vita vikiwa bado vinaendelea, mahakama ile ile ikajigeuza kwa kura sita dhidi ya tatu. Ilichukua miaka mitatu tu kuona kwamba uzalendo wa kulazimishwa huzaa ukatili kuliko unavyozaa upendo.

Mimi Wimbo wa Taifa ninauimba, na kwa moyo wote. Naona ndani yake shukrani kwa Mungu aliyetupa nchi hii, na sioni kwamba ninamwabudu mtu. Lakini kuimba kwangu kuna maana kwa sababu ningeweza kunyamaza na nisidhuriwe. Ondoa uwezo huo, na hakuna awezaye kujua, hata mimi mwenyewe, kama ninaimba kwa imani au kwa woga.

Habari hii ina mizizi mirefu katika ardhi ya Mbeya. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini waliwakusanya wanaume kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, kazi iliyojulikana kama tengatenga. Wengi walikufa njiani kwa njaa na kuhara. Katika mateso hayo wakatokea wahubiri Waafrika waliokuwa wamepata mafundisho ya Watch Tower kusini, katika migodi ya Rhodesia. Hanoc Sindano alikuwa mmoja wao. Walihubiri kati ya Wamambwe na Wanamwanga kwamba falme za dunia zimefika mwisho na kwamba mtu wa Mungu hana deni la utii kwa machifu wala kwa Mzungu. Mwanzoni mwa mwaka 1919 serikali ya Rhodesia ya Kaskazini iliwakamata wengi wao. Mafundisho yakavuka mpaka yakaingia Ufipa na nyanda za Mbozi, maana mpaka ule ulichorwa katikati ya watu wanaosema lugha moja na kuzikana.

Mashahidi wa Yehova wa leo hawaikubali harakati ile kuwa yao, na wana haki, kwa sababu ilichanganya mambo mengi ambayo chama chao hakikuyafundisha. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa upande huu kusikia Waafrika wenzao wakisema hadharani kwamba kuna kikomo cha yale ambayo serikali inaweza kumdai mtu aliyebatizwa. Baada ya uhuru swali likarudi. Mwaka 1965 Mashahidi walipigwa marufuku Tanzania, wakakutana kwa siri hadi marufuku ilipoondolewa mwaka 1987. Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi, ilikuwa mbaya mno. Serikali ya Kamuzu Banda iliwataka wanunue kadi za chama cha Malawi Congress Party, wao wakakataa. Wakapigwa marufuku mwaka 1967. Mwaka 1972 maelfu wakayakimbia makazi yao kwenda Zambia na Msumbiji baada ya kupigwa, kubakwa na kunyang'anywa mashamba. Marufuku iliondolewa mwaka 1993. Kadi ile ilikuwa kipande cha karatasi cha bei ndogo sana, na wapo Wakristo wa makanisa makubwa waliowaona wajinga kwa kuteseka kwa ajili yake. Kaisari hajawahi kuomba kitu kikubwa mara ya kwanza. Mnamo mwaka 112 gavana Plinio aliwapima Wakristo wa Bithinia kwa ubani na divai kidogo mbele ya sanamu ya mfalme.

Sasa nije kwetu, kwa makanisa yaliyoletwa na misheni. Hapa sina budi kusema wazi.

Injili ilipofika Nyanda za Juu Kusini ilikuta watu wenye utii wao tayari. Unyakyusa kulikuwa na Lwembe wa Lubaga na makuhani wake, na kila ukoo ulikuwa na wazee waliolala chini ya ardhi ambao mvua, mazao na uzazi vilikuwa mikononi mwao. Monica Wilson, aliyeishi na kufanya utafiti Unyakyusa katika miaka ya 1930, ameeleza kwa kirefu jinsi waongofu walivyojitenga na matambiko ya ukoo na jinsi ndugu zao walivyoogopa kwamba wote wataadhibiwa kwa sababu yao. Jambo hili tumelizoea mno hata hatulioni tena uzito wake. Kijana aliyekataa kushiriki tambiko la mazishi ya baba yake mwaka 1900 alikuwa amefanya kile kile walichofanya wanafunzi wa shauri la mwaka 2013: aliwaambia watu anaowapenda na kuwaheshimu kwamba kuna Bwana aliye juu yao. Babu zetu walitukanwa kwa hilo, wakaitwa watoto waliopotea. Kanisa letu limejengwa juu ya kukataa kwao.

Lakini misheni hiyo hiyo ilikuja chini ya bendera. Mwaka 1891 Wamoravian Theodor Meyer na Theophil Richard na wenzao waliweka kambi Rungwe, na mwaka huo huo Alexander Merensky wa Misheni ya Berlin aliingia Konde. Nchi ilikuwa imetangazwa kuwa ya Mjerumani. Katika koloni zima tarehe 27 Januari, siku aliyozaliwa Kaiser Wilhelm II, ilisherehekewa kwa gwaride na nyimbo. Wamisionari wengi walikuwa watu wa kweli katika imani yao, waliozika watoto wao hapa, waliojifunza lugha zetu vizuri kuliko maofisa wote wa serikali. Hata hivyo aliyewatazama kwa mbali hakuweza kutenganisha msalaba na bunduki. Uhehe ulikuwa umevunjwa kwa mizinga. Mkwawa alijiua mwaka 1898 asikamatwe, na fuvu lake likachukuliwa, likarudi Kalenga mwaka 1954 tu. Vita vya Majimaji vilipofika Ubena, Septemba 1905, wapiganaji walishambulia kituo cha Misheni ya Berlin cha Jakobi, karibu na Njombe. Waongofu waliokuwa ndani walikuwa Wabena pia. Kwa wale waliokuja na mikuki, hao walikuwa watu wa Mjerumani. Jeshi la Gavana Götzen likazima vita kwa kuchoma vijiji na akiba za chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makanisa yetu yalipokea wakimbizi wa njaa hiyo, na jambo hilo ni jema. Kuisema njaa hiyo mbele ya walioisababisha lingekuwa jambo jema zaidi.

Kisha bendera ikashuka. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland, yakachukua Neu Langenburg, mji tunaouita Tukuyu, na tarehe 29 Agosti yakaingia Iringa. Wamisionari Wajerumani wakakamatwa na kupelekwa mbali. Kwa karibu miaka kumi hawakuwepo. Waskoti wa Livingstonia walikuja kusimamia, lakini walikuwa wachache sana, na mzigo wa kila siku ukabaki kwa walimu na wazee Waafrika: kufundisha wanaojiandaa kwa ubatizo, kuzika, kusuluhisha, kuendesha ibada. Hawakuwa na mshahara wa uhakika wala mtu wa kuwaandikia barua ya utambulisho. Jumapili ilipofika waliimba zaburi chini ya bendera ya Mwingereza kama walivyoziimba chini ya ya Kaiser. Wamoravian na Waberlin waliporejea katikati ya miaka ya 1920 walilikuta kanisa likiwa hai. Ningetaka kila mwanafunzi wa kipaimara ajue habari za miaka hiyo kabla ya kujua majina ya wamisionari.

Wazungu wenyewe ilibidi wajifunze somo hilo mara ya pili, kwa gharama kubwa. Miaka ya 1930 walowezi wa Kijerumani wa Iringa na Mufindi walikuwa wengi, na chama cha Hitler kilijenga matawi Tanganyika. Mvutano huo uliingia hadi katika nyumba za misheni za Nyanda za Juu Kusini: je, mhubiri wa Injili anaweza pia kuwa mtu wa Führer? Kule Ujerumani, Mei 1934, Walutheri na Wareformed walikutana Barmen na kutoa tamko ambalo Karl Barth alikuwa mwandishi wake mkuu. Walisema kwamba kanisa lina Neno moja la Mungu la kusikiliza na kulitii, yaani Kristo, na wakakataa fundisho kwamba kuna sehemu yoyote ya maisha iliyo chini ya mabwana wengine. Wengi hawakusikia. Septemba 1939 vita vilianza, wanaume Wajerumani wakawekwa kizuizini na Waingereza, na kwa mara ya pili katika kizazi kimoja makanisa ya huku yakabaki kwa wenyeji.

Kwa historia hiyo, sisi wa Mbeya na Iringa hatuna kisingizio. Tumeona bendera ya Kaiser, ya Mfalme wa Uingereza, ya Tanganyika na ya Muungano zikipanda mlingoti mmoja ndani ya miaka isiyozidi 75. Bado nawasikia wahubiri wakisema juu ya chama au kiongozi fulani kwa sauti ambayo wangepaswa kuihifadhia Ufalme wa Mungu.

Baadhi ya ndugu zetu huona hatari iko katika Mwenge wa Uhuru, uliowashwa juu ya Kilimanjaro usiku wa uhuru, Desemba 1961, na wanaukwepa unapopita kijijini kwao wakisema ni ibada ya moto. Siwacheki, ingawa siamini kwamba mwenge ni sanamu. Anayeona dhamiri yake haimruhusu kukesha nao aachwe alale nyumbani kwake. Hatari ninayoiona mimi iko karibu na madhabahu kuliko mlingoti au mwenge. Mwaka wa uchaguzi ukifika, mgombea huingia ibadani amechelewa, na ibada husimama ili apigiwe vigelegele. Huketishwa kiti cha mbele, mahali ambapo mjane aliyewahi tangu saa moja hajawahi kuketishwa. Hupewa kipaza sauti kabla ya baraka. Hutoa bahasha kwa ajili ya bati za kanisa, na kwaya inaimba jina lake ndani ya wimbo wa Bwana. Nje washarika wanagawiwa fulana na kanga zenye picha yake, na Jumapili inayofuata kanga hizo zimo kanisani. Hakuna aliyewalazimisha, na hilo linanihuzunisha zaidi. Wale wanafunzi 127 walitakiwa kwa adhabu kutoa kile ambacho sisi tunakitoa kwa bati.

Na ukabila nao ni bendera, ingawa haina nguo. Anapochaguliwa askofu au mwenyekiti wa jimbo, swali la kwanza mitaani ni ametoka upande gani. Kuna sharika zilizogawanyika, zikafunga milango kwa kufuli mbili, zikapelekana mahakamani, na ukichimba chini ya maneno ya katiba ya kanisa unakuta milima miwili na mabonde mawili yanagombania kiti. Waliobatizwa mara moja katika Kristo mmoja wanahesabiana kwa ukoo. Babu zetu walivunja utii wa ukoo kwa machozi ili waingie kanisani. Sisi tumeuingiza tena kwa mlango wa uchaguzi.

Sisemi kwamba kanisa lijitenge na mambo ya nchi. Machi 2018 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania walitoa waraka wa Pasaka ulioitwa "Taifa Letu, Amani Yetu", wakasema juu ya haki, uhuru wa maoni na Katiba. Baadaye ikasambaa barua iliyowataka waukanushe, na Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, akatangaza kwamba serikali haiitambui barua hiyo. Naona maaskofu walifanya ipasavyo. Anayemtii Kristo kwanza ndiye anayeweza kuiambia nchi yake ukweli, kwa sababu haitegemei ili ajue yeye ni nani. Paulo anawaagiza Warumi kutii mamlaka na kulipa kodi. Petro, aliyesema mbele ya Baraza la Wayahudi kwamba imempasa mtu kumtii Mungu kuliko wanadamu, ndiye pia anayewaambia waamini wamheshimu mfalme. Heshima hiyo ni deni letu na tunalilipa. Hofu na ibada hatuna ruhusa ya kuwalipa.

Lakini nguvu ya waraka kama ule inapungua kama sauti yetu husikika tu tunapoguswa sisi. Makanisa yetu yana shule za sekondari nyingi katika mikoa hii, na yana wanasheria na maaskofu ambao serikali huwapokea. Mtoto wa dhehebu dogo anaposimamishwa masomo kwa sababu ya dhamiri, Mchungaji wa Moravian au Paroko aliye jirani ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kwenda kwa mkuu wa shule, hata kama wiki ile ile watabishana na wazazi wa mtoto huyo juu ya Utatu.

Kwa wazee wa kanisa na wachungaji watakaosoma sura hii nina ombi moja, na linaweza kutekelezwa bila kusubiri kikao cha dayosisi wala sinodi. Mgombea akija ibadani, apokewe kama msharika mwingine yeyote. Aketi kwenye benchi palipo na nafasi, asikilize Neno, atoe sadaka yake katika kapu bila kutangazwa. Kama ana salamu, azitoe nje baada ya baraka, kwa wale wanaotaka kubaki kumsikiliza.